Kulala Mchana Katika Nyumba za Watu

Tangu nistaafu nalala mchana bila kuomba ruhusa ya mtu. Watoto wa jirani wanasema bibi amechoka. Sijachoka hata kidogo. Nalala kwa sababu kulala mchana kulikuwa sehemu ya kazi yangu, na kazi haimtoki mtu mwilini siku anaporudisha kofia ya saiti. Ninyi mliobaki kazini mnanielewa. Kwa wengine, nieleze kidogo.

Tulikuwa tunajenga nyumba zinazojipoza zenyewe. Nyumba hizo hazina mashine ya kupoza hewa, na feni ikiwepo basi ni ya kuwatuliza wageni roho. Kuta, paa, upenu na matundu ya hewa vinagawana kazi, na mwenye nyumba anakaa ndani mchana wa jua kali akiwa amejifunga shuka. Mjini Kampala watu waliziita nyumba za baridi, na wengi waliziogopa. Walidhani kifua kitawabana.

Mimi ni Aber, ingawa kazini hakuna aliyenijua kwa jina hilo; niliitwa Mama Saiti hata kabla sijazaa. Nilizaliwa kwenye kota za askari kule Makindye. Baba alikuwa mwanajeshi, Mwacholi kutoka kaskazini, na Kiswahili chetu kilikuwa cha foleni ya maji na cha paredi. Kota zenyewe zilikuwa za mabati juu, mabati ubavuni. Kufika saa saba mchana, mama alitutoa nje sote pamoja na kuku. Utoto wangu nauona hivyo mpaka leo: familia nzima imekaa kwenye ukanda mwembamba wa kivuli, na kila jua linaposogea, sisi tunasogeza mkeka. Nadhani nilianza kuota nyumba yenye kivuli ndani siku hizo, hata kabla sijajua kuwa mtu anaweza kulipwa kwa ndoto ya namna hiyo.

Siku ya kwanza kazini nilimkuta Mzee Kambale. Alikuwa fundi mwashi, Mkongo wa Butembo, aliyekimbia vita na kuja na mwiko wake umefungwa kwenye taulo. Nilimwambia natafuta kazi ya kubeba. Alichota udongo, akaumwagia maji kidogo, akaufinyanga donge, akanipa.

"Inua mupaka kifua," alisema. "Sasa achilia."

Niliachia. Donge likaanguka na kubaki zima, limebonyea tu upande mmoja.

"Maji mingi," alisema. "Rudilia."

Nilirudia. La pili likasambaratika kama unga. Nilirudia tena na tena mpaka mikono ikawa myekundu hadi kwenye viwiko, na mwishowe donge likaanguka likapasuka vipande vichache vikubwa. Mzee akaviangalia vile vipande muda mrefu, kama anasoma habari za nyumbani kwao.

"Njo vile," alisema, akitikisa kichwa kukubali. "Kesho ukuje na viatu."

Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira. Donge lile linakuambia kama udongo uko tayari kutiwa saruji kidogo na kushindiliwa kuwa tofali. Tofali zetu hazikuchomwa, kwa hiyo hakuna mti uliokatwa kwa ajili yake. Mashine ya kuzishindilia ilichomelewa Katwe, ina mkono mrefu wa chuma ambao unaning'inia juu yake kwa uzito wako wote. Wanaume walikuwa wanavuta kwa nguvu za mabega na kuchoka kabla ya chai. Mimi nilijifunza kuachia mwili tu, na wakasema natumia uchawi wa Waacholi.

Kwa Mzee Kambale hakuna aliyechimba msingi siku ya kwanza. Siku ya kwanza ilikuwa ya kusimika kijiti katikati ya kiwanja na kukaa. Tulikaa kutwa nzima tunatazama kivuli chake kinavyotembea. Wenye viwanja walikuja, wakatuona tumejilaza kwenye nyasi, wakauliza kama huo ndio ujenzi. Mzee aliwajibu kwa heshima kwamba ndio. Hapa kwetu jua linapita karibu na utosi, kwa hiyo kinachoumiza nyumba ni jua la asubuhi na zaidi la alasiri, linaloingia chini chini kutoka ubavuni. Ukuta mrefu utazame kaskazini na kusini. Ukuta mfupi, mnene, usio na dirisha, uutazamishe magharibi. Mengine yote ni maelezo.

Siku nyingine alinichukua Mengo kutazama majengo ya zamani. Tulisimama kwenye veranda moja ndefu ya shule, kuta zake nene kiasi cha kukaa mtu dirishani na miguu yake. Akaniambia niweke shavu ukutani. Nje watu walikuwa wanatembea wameinama kwa joto. Ukuta ulikuwa baridi kama mtungi. Nilifumba macho na kusahau nilipo. Mwalimu mmoja akatoka darasani, akatukuta watu wazima wawili wamebandika mashavu ukutani, akarudi ndani polepole akafunga mlango.

Msanifu wetu alikuwa Nakato, Muganda mpole, msomi wa majengo, mwenye mkono mwepesi wa kuchora. Yeye ndiye aliyetufundisha dari: mikeka ya mafunjo chini, juu yake magunia ya pumba za mpunga zilizochanganywa na chokaa ili wadudu wasifanye makazi, halafu nafasi ya hewa, halafu mabati yaliyopakwa rangi nyeupe. Mzee Kambale alipoona magunia yanapandishwa juu alisema sasa tunafuga panya. Mwaka uliofuata aliyaweka juu ya nyumba yake mwenyewe.

Na sasa nifike kwenye kulala. Nyumba ilipokauka lipu, kabla ya kukabidhi, Mzee alitutaka sote tulale ndani yake saa za jua kali. Kwanza aliwasha dawa ya mbu ile iliyojiviringa, akaiweka chini, tukatazama moshi. Moshi unaonyesha hewa inapopita. Katika nyumba nzuri unanyanyuka, unasitasita katikati ya chumba kana kwamba umesahau ulichofuata, halafu unakumbuka tundu la juu na kuondoka zake. Baada ya hapo tulitandika magunia ya saruji na kulala. Ukiamka na jasho shingoni, kuna kosa mahali, na unalitafuta. Ukiamka hujui ni asubuhi au jioni, nyumba imefuzu.

"Bambi, nimerara kweri," Nakato alikuwa anasema kwa upole wake wa Kiganda kila tukiamka, nywele zake zimejaa vumbi la lipu. Sijawahi kuwa na furaha kubwa kuliko ile ya kuamka kwenye nyumba mpya ya mtu mwingine, mwanga umetulia ukutani, na hakuna aliye na haraka ya kusema neno.

Kujenga ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuwafundisha watu kukaa humo, na hapo ndipo nywele zangu zilipoanza kuota mvi. Nyumba ya namna hii unaifungua usiku inywe baridi, na unaifunga asubuhi kabla joto halijaamka. Watu wa mji wetu hufanya kinyume. Usiku hufunga kila kitu kwa hofu ya wezi na mbu. Tukaweka nondo na nyavu, bado haikutosha. Familia moja ilihamia, na nilipowatembelea nikakuta matundu yote ya hewa yamezibwa kwa magazeti, soksi, na moja kwa kitabu cha nyimbo za kanisa. Walikuwa wanatokwa jasho na kututukana. Nilipanda ngazi nikazibua. Yule mama aliniuliza upepo ukiingia na mambo mengine ya usiku, ya wachawi, nani atajibu. Nilimwonyesha wavu wa mbu, nikashuka ngazi.

Nilipojijengea yangu, juu kidogo ya soko la Makindye, nikamleta mama yangu akae nami. Wiki ya kwanza majirani walikuja na vyombo vya kupikia wakidhani tuna msiba, maana madirisha yalifungwa mchana. Halafu ikanyesha mvua. Mama alikuwa amezoea maisha yake yote kusikia mvua ikipiga mabati kama ngoma. Chini ya yale magunia ya pumba hakusikia kitu. Nguo zote zikaloa kambani. Alinunia nyumba ile siku nyingi.

"Nyumba gani hii, mvua nanyesha kama mwizi," alisema.

Lakini nilimwona mchana mmoja amelala kitandani kwake saa saba, saa ile ile aliyokuwa akitutoa nje na kuku. Alikuwa amejifunika mpaka kidevuni. Nilisimama mlangoni nikalia kimya kimya, kisha nikaenda kupika.

Nyumba yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ndiyo iliyonisumbua kuliko zote. Ilikuwa ya Afande Odongo, polisi mstaafu, mtu wa kabila la Lango, na mkewe Mama Akello. Afande alikuwa na ugonjwa wa moyo, na chumba chao cha kupanga karibu na Katwe kilikuwa kikaango. Daktari alimwambia Mama Akello waziwazi kwamba joto lile litammaliza. Watoto wao walichanga, wakapata kiwanja chembamba kwenye mteremko wa Makindye, wakatuita. Ombi la Mama Akello lilikuwa moja tu.

"Mimi nataka nyumba ambayo huyu mzee naweza lala mchana," aliniambia. "Hiyo tu. Hata jikoni mkisahau, sawa."

Kiwanja kilikuwa kibaya. Geti lilikuwa chini, upande wa magharibi, na kwa wembamba wake chumba cha mzee kililazimika kukaa upande huo huo wa jua la alasiri. Tukaujenga ukuta ule mara mbili, na nafasi ya hewa katikati, bila dirisha. Nyumba ikalipa geti kisogo. Tulilala ndani siku ya majaribio, na Mzee Kambale, ambaye wakati huo alikuwa anatembea kwa fimbo na anakuja saiti kwa mapenzi tu, alilala mpaka tukamwamsha. Tulikabidhi funguo kwa mbwembwe.

Hazikupita wiki nyingi Mama Akello akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mama Saiti, kuja uone. Nyumba iko baridi. Mzee nakataa kukaa ndani."

Nilimkuta Afande kwenye kiti cha plastiki, chini kabisa, kando ya geti. Jua la saa nane lilikuwa kichwani pake. Miguu ilikuwa imevimba, shati limeganda mgongoni, na alipumua kwa kukatisha. Nyuma yake, juu ya mteremko, ile nyumba niliyoiota miezi yote ilikuwa imesimama baridi na tupu. Nilishikwa na hasira, kisha na woga.

"Afande, ingia ndani upumzike."

"Ndani iko mzuri, madamu. Kazi yenu safi." Hakugeuza macho kutoka getini. "Lakini mimi hapana weza lala na mgongo kwa geti."

"Kuna mtu unamngojea?"

"Hapana."

"Unaogopa wezi?"

"Wezi gani? Tuko na nini?" Alicheka, kicheko kikamkata pumzi. "Mimi nimelinda geti ya watu miaka yote. Wakubwa wanalala, mimi nasimama. Sasa hii ndiyo geti yangu ya kwanza."

Mama Akello alikuwa amesimama kando na mwavuli, akimkinga jua. Aliniambia kwamba mzee anakaa hivyo kila siku mpaka magharibi, na usiku yeye mwenyewe anaamka kusikiliza kama bado anapumua. Wengine wangesema mzee ana ukaidi. Mimi nililelewa kota. Baba yangu alikula chakula chake chote ametazama mlango, hata siku ya harusi yangu, na mtu wa namna hiyo humwamrishi kugeuka.

Nilimpeleka Mzee Kambale pale nikamwambia tutoboe dirisha kwenye ukuta wa magharibi. Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama.

"Tundu mu ukuta ya jua? Weye nilikufundisha nini? Ni kuita moto mu chumba ya mugonjwa."

Tuligombana, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Nilimwambia ukuta wake unamuua mtu. Akaondoka kwa fimbo yake bila kuniaga. Sikulala vizuri, na nilijua kwamba tulikuwa sahihi wote wawili.

Asubuhi nilipofika kwa Afande nilimkuta Mzee Kambale amelala kwenye kitanda cha mgonjwa, viatu amevua, mto mgongoni, ametumbua macho ukutani. Alikuwa amempigia Nakato simu, naye alikuwa amepiga magoti pembeni na kipande cha mkaa.

"Geti iko chini," Mzee alisema, bila salamu, kana kwamba hatukugombana. "Jua iko juu. Huyu mutu hatafute mbingu. Anatafuta geti."

Nakato akachora. Tundu jembamba, wima, kupitia unene wote wa ukuta, lililoteremka kutoka ndani kwenda nje kama mfereji. Mtu aliyeegemea mto anatazama chini ya mteremko na kuona geti lake na kipande cha njia. Jua, hata likiwa linakaribia kuzama, halipati mwanya wa kuingia, maana tundu linatazama ardhi tu. Kwa nje tuliliwekea kofia ya bati, kwa ndani wavu na kioo. Nilitoboa mwenyewe kwa patasi na nyundo, polepole, nikiogopa kuutikisa ukuta, na Mzee akinikosoa kutoka kitandani kwa raha zake zote.

Siku ya kulijaribu ilikuwa ya joto la kufa mtu. Mama Akello alimshika mumewe mkono, wakapanda mteremko wakipumzika njiani. Afande akaegemea mto. Akaweka jicho. Nilimwona uso wake ukilegea.

"Naona," alisema. "Naona geti. Naona mpaka ile kufuli."

Tukangoja. Chumba kilikuwa baridi na kimya, mwanga wa kijani umetanda darini kutoka kwenye migomba ya upande wa kaskazini. Macho ya mzee yalikuwa mazito. Yalishuka, yakashtuka. Yalishuka tena, akajikaza, akainuka kwenye mto.

"Afande, kuna nini tena?" nilimuuliza.

"Kama mimi nafunga macho," alisema kwa aibu, "nani naangalia?"

Mzee Kambale akatazama sakafu. Nakato akanitazama mimi. Hakuna mchoro wa jambo lile. Mama Akello akakaa kwenye kizingiti cha mlango, na nikajua kwamba hana tena nguvu za kushika mwavuli kesho.

Hapo kota zikanijia. Sikufikiri. Nilisimama wima mbele ya kitanda, visigino pamoja, mikono imenyooka, kama nilivyowaona watu wa baba wakibadilishana geti asubuhi nyingi za utoto wangu.

"Afande!" nilisema. "Nimefika kupokea zamu."

Nilidhani amekasirika, amedhani namchezea. Kisha mgongo wake ukanyooka pale pale kwenye mto, na sauti ikatoka nyingine, ya mtu kijana.

"Habari ya geti?"

"Geti iko salama, afande."

"Hakuna mutu kuingia bila kujulikana."

"Hakuna, afande."

"Basi." Akashusha pumzi ndefu. "Zamu ni yako."

Akajiteremsha kwenye mto, akageukia upande wa pili, akaupa ukuta mgongo. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikaweka jicho kwenye tundu. Sikuthubutu kugeuka. Chini kule niliona geti la mabati ya bluu, kuku mmoja, mwanamke amepita na beseni la ndizi kichwani. Nyuma yangu pumzi ya mzee ilikatika, ikasita, ikaendelea, ikawa ndefu, na mwishowe ikawa mkoromo. Mzee Kambale na Nakato walitoka kwa kunyata.

Tangu siku ile Mama Akello alijifunza maneno yale, na watoto wakija kutembea wanayasema pia. Afande analala kila mchana mpaka leo ninapoandika haya. Lakini siku ile ya kwanza mke wake hakujua bado kama maneno yale yamefanya kazi. Aliingia taratibu, akamtazama mumewe aliyelala, akaweka kiganja mdomoni.

"Mama Saiti," alininong'oneza, "na mimi naweza lala kidogo?"

"Lala, mama. Niko hapa."

Akavua viatu, akatandika mkeka kando ya kitanda cha mumewe, akajinyoosha. Alikuwa amelala kabla hajavuta shuka, nami nikageuka tena kutazama geti.